Mawingu ya Mpingo

Hebu tujiulize: kitu kilichosimama kinaweza kusema kweli juu ya mwendo?

Swali hili lilinianza hapa Dodoma, siku niliyorudi nyumbani na kinyago badala ya debe la mahindi nililotumwa. Si mtu, si mnyama. Ni mpingo uliochongwa ukajipinda kama moshi, una tobo katikati. Fundi aliuita "mawingu".

Washikaji wa kijiweni walicheka mpaka basi. "Umeingizwa mjini, mwana! Wingu gani zito kama nondo?" Kwao, sanaa isiyofanana na kitu ni utapeli.

Wasijione wa kwanza. Mwaka 1926 sanamu ya shaba ya Constantin Brancusi, aliyoiita ndege ingawa haina bawa wala mguu, ilifika New York. Watu wa forodha wakaitoza ushuru wa asilimia 40, eti ni kama vyombo vya jikoni na vya hospitali. Mwaka 1928 mahakama ikaamua kuwa ni sanaa. Brancusi hakutafuta ndege, alitafuta kuruka kwenyewe. Na kwetu, katika miaka ya 1950, Mmakonde Samaki Likankoa alifungua njia ya vinyago vya mashetani. Baadaye Clements Ngala akawa miongoni mwa waliokuza mawingu, mtindo unaoacha sura ya mtu.

Utasema: wingu la kweli linakwenda, lako limeganda. Sawa. Lakini picha ya wingu inanionyesha umbo lake la dakika moja tu. Kinyago hiki kinalikokota jicho langu: linafuata mkunjo, linazama toboni, linaibukia upande wa pili. Mpingo umetulia, anayekwenda ni mimi. Uongo uko wapi?

Bi mkubwa alikuwa amenuna, na haki yake. Usiku akakichukua, akapitisha kidole kwenye mkunjo, polepole, mpaka kikatokea upande wa pili. Akasema, "Haya ni yale yanayopita."

Mkulima wa huku anayajua. Mtama umeanza kunyauka, yanatanda, unashusha pumzi, halafu upepo unayapeleka kwa wengine.

Nami sikuwa nimemwambia jina la kile kinyago.

Deni la mahindi ninalo, na sanaa hainisamehi hilo. Lakini utapeli? Hapana. Tapeli angeniuzia mvua.