Kukaa Karibu na Mtoto

Mwaka 2019 serikali iliondoa minervali katika shule za msingi za umma. Tukasema deni letu kwa watoto limekwisha. Kumbe bado. Mtoto mmoja wa parokia yetu, darasa la sita, alishindwa na hesabu. Sisi mashemasi tukajitolea kukaa naye jioni. Mwanzoni tulimfanyia kazi zote za nyumbani. Akapata alama nzuri, tukasifiwa kanisani. Je, huo ulikuwa upendo, ao kiburi chetu? Kwenye mtihani wa ENAFEP ataingia peke yake! Sasa anakosea mbele yetu, nasi tunangoja. Kungoja kunachosha kuliko kutoa franka. Juzi alituuliza neno la Kifaransa tusilolijua. Tulikiri, tukafungua kamusi pamoja naye.