Kupaka mvi rangi: ni kujipamba ao ni kudanganya?

Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kuandika juu ya mahari, matanga, majina ya watoto na heshima ya mwami. Mwaka huu naomba nafasi ya kuandika juu ya jambo dogo ambalo kila mmoja wetu, Mungu akimpa siku, atalibeba juu ya kichwa: mvi, na ile rangi tunayoipaka juu yake nyumbani siku ya posho. Wengine watasema hayo ni mambo ya saluni, si ya mila. Hata mimi ningesema vile, kama si yale yaliyotupata mwezi wa tano 2021.

Nianze na mila. Hapa kwetu Bukumu, na kwa majirani zetu Wahunde, Wanande na Wanyarwanda vilevile, mvi ni kama kitambulisho ambacho hakikuandikwa na ofisi. Mwenye mvi akiingia, mtoto anaondoka kwenye kiti. Mu barza, neno lake linasubiriwa. Kanisani tunafundishwa hivyo hivyo: Mithali, sura ya 16, inahesabia mvi kuwa taji, na Walawi, sura ya 19, inatuamuru kusimama mbele yake. Basi tuangalie vizuri. Mtu anayedanganya, kwa kawaida anajipatia kitu ambacho si chake. Lakini mzee anayefunika mvi, anafunika haki yake mwenyewe. Ni mwongo wa namna gani huyo ambaye anajiibia?

Mama yangu alikuwa na miaka 67. Mjukuu wake, mtoto wa dada yangu, alikuwa anatolewa mahari Goma, katika kartie ya Majengo, siku ya posho tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Juma moja mbele, Mama akaniita pembeni: « We mwalimu, nitafutie rangi. Sitaki kuenda kule nikiwa koko. » Nikacheka, lakini nikaenda. Sokoni nikanunua kile kikopo kidogo cha unga mweusi ambacho kila mtu anakijua, nyeusi kabisa, ju ndiyo ilikuwa na bei rahisi na mwenye kuuza alisema haitoki upesi. Tulipaka nyuma ya nyumba, mimi nikiwa nimevaa sasheti mikononi. Maji ya kusuuza, wakaaji wa Kibati mnajua: kwetu chini ni mawe ya volkano, hakuna mto wala kisima, tunapanga bidoni chini ya bati tukingoja mvua, ao tunanunua. Bidoni mbili zikaishia kichwani kwa Mama.

Ile rangi ilishika. Nyeusi kama makaa. Mama akakataa kuvaa fulari siku ya mahari ili watu wamwone, na walimwona kweli. Shemeji mmoja alimuuliza kama yeye ni dada ya bibi-arusi. Tulikuwa bado tunakula wakati mbingu zilipogeuka nyekundu upande wa Nyiragongo.

Sitarudia habari ya usiku ule, wengi waliandika. Lava ilikata barabara ya kwetu, tukabaki Majengo na mitetemeko ya ardhi siku ine nzima. Halafu siku ya ine, tarehe 27, asubuhi, gavana akatangaza kwamba kartie 10 za muji zihame mara moja, Majengo ikiwa ndani. Watu wote tukajimwaga kwenye barabara ya Sake. Kulikuwa kamyo moja yenye nafasi kidogo nyuma, na vijana waliokuwa juu walifanya vile mila inavyotaka: walisema wazee kwanza. Walipandisha koko mmoja, wakapandisha mwingine, wote vichwa vyeupe. Mama alipofika kijana akamtazama, akasema kwa upole kabisa: « Mama, wewe uko na nguvu, achia wazee. » Mama hakujibu. Mimi ndiye nilitaka kupaza sauti, lakini ningesema nini? Kwamba ule weusi ni wangu, nimeununua sokoni? Kamyo ikaenda. Mama alitembea mpaka Mugunga, pale akaketi juu ya jiwe na kuvua viatu. Kutoka pale mtu wa chukudu ndiye alitusaidia.

Toka siku ile nimebeba hilo swali. Na kwa kuwa nafundisha biolojia na kemia, nilianza nalo kwa upande ninaoujua.

Unywele ni mweusi kwa sababu ya chembe zinazoitwa melanini. Kwenye shina la unywele kazi ya kuzitengeneza inachoka na miaka, na unywele unatoka mtupu. Rangi ya kudumu inafanya kazi hivi: dawa inafungua magamba ya unywele, halafu chembe ndogo za rangi zinaingia, na oksijeni inaziunganisha kuwa kubwa hata haziwezi tena kutoka. Katika rangi nyingi nyeusi mna kitu kinachoitwa parafenilenidiamini, ambacho kwa watu wengine kinavimbisha ngozi na macho. Ndiyo maana inafaa kupaka tone moja nyuma ya sikio ao kwenye kiwiko, na kungoja saa 48 mbele ya kupaka kichwa kizima. Mimi sikufanya hivyo kwa Mama. Tulikuwa na haraka, na Mungu alitusamehe. Vilevile, kichwa kilicholainishwa na dawa kisipakwe rangi siku ile ile, kiache majuma mawili.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchagua rangi. Tunafikiri kwamba kwa kuwa tulizaliwa na nywele nyeusi, nyeusi ndiyo itatufaa. Lakini nywele za mtu mzima hazina weusi mmoja. Zina kahawia ndani, zina mahali pepesi na mahali pazito, na jua limezichoma juu. Nyeusi ya kikopo ni moja toka shina mpaka ncha, kama karatasi. Uso wa miaka 67 chini yake unaonekana umechoka zaidi, kila mstari unajitokeza kama umechorwa kwa kalamu. Rangi inayopendeza mtu wa umri ni kahawia nzito. Kwenye masanduku mengi kutoka Ulaya namba 1 ni nyeusi, namba 3 ni kahawia nzito, namba 4 ni kahawia ya katikati. Kahawia haiwezi kuangaza unywele ambao bado ni mweusi, ila inashika mvi peke yake, na hapo kichwa kinapata rangi mbili tatu zinazochanganyika kama za asili. Tena uiangalie inje, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa. Na mvi zikianza kuota tena, kama sentimetre moja kwa mwezi, mstari mweupe chini ya kahawia hauchongoki sana, lakini chini ya nyeusi unapiga kelele.

Wenzangu walimu wa filozofia wananikumbusha hadisi ya kale ya Wagiriki. Mzee mmoja alifika Sparta kama mjumbe, akiwa amepaka mvi zake rangi kwa haya ya uzee. Alipomaliza kusema, mfalme Arkidamo akasimama na kuuliza: mtu anayebeba uongo hata juu ya kichwa, ataleta ukweli gani kinywani? Nilipoisikia mara ya kwanza niliona imenihukumu. Sasa naona mfalme alienda mbio. Mjumbe anaomba aaminiwe. Mama yangu hakuomba mtu amwamini, aliomba watu wamwangalie. Hayo ni maombi mawili tofauti.

Kuna kesi ngumu kuliko ya Mama. Mwenzangu mmoja, mwalimu mwenye miaka mingi ya chaki, anapaka kila mwisho wa mwezi. Anasema wazi kwa nini: siku wakuu wakiona kichwa cheupe watamwambia apumzike, na kupumzika bila pensheni ya kutosha ni kufa na njaa. Mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa vizuri kwenye dosie, hakuubadilisha. Je, anadanganya? Nilisema zamani kwamba hapana, ju karatasi zake ziko safi. Lakini kuna kijana wa jirani yangu, diploma yake iko kwenye kabati toka miaka sita, anangoja nafasi moja tu. Ile rangi ya mwenzangu, kuna mtu anailipia. Simhukumu, ju tumbo lake nalijua, ni sawa na langu. Lakini sitasema tena kwamba ni kujipamba tu.

Ndiyo nilianza kupima hivi: niangalie nani analipa. Bibi-arusi akipaka, hakuna anayelipa. Mama alipopaka, aliyelipa ni yeye mwenyewe, kwa miguu yake.

Ndugu zetu Waislamu wana fikra nyingine ambayo inanipendeza. Wanasimulia kwamba mwaka 630, Maka ilipofunguliwa, baba ya Abu Bakari, mzee Abu Kuhafa, aliletwa na kichwa na ndevu nyeupe kabisa, na Mtume akaagiza zibadilishwe rangi, lakini waepuke nyeusi. Wanazuoni wao wanabishana mpaka leo kama nyeusi imekatazwa kabisa ao la. Mimi si wa dini hiyo na siingii katika ubishi wao. Ila naangalia desturi ya pwani, Mombasa na Unguja, ambako wazee wanatia hina kwenye ndevu. Hina juu ya mvi inatoa rangi ya machungwa. Kwetu hakuna mtu aliyezaliwa na ndevu za namna hiyo! Basi ni rangi inayokiri: inasema mimi ni mzee, na nimejipamba. Kijana wa kamyo angeiona, angempandisha.

Nilimwambia Mama mawazo haya yote siku moja tukichambua maharagi. Nilikuwa nataka kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: « Siku tano hakuna mtu aliniita koko. Usininyanganye hizo siku. » Nikanyamaza. Miaka yote hii ya kufundisha, na sikuwa nimefikiri kwamba heshima nayo inaweza kuchosha mtu, kwamba ile kusimamiwa, kupewa kiti, kubebewa kikapu, ni namna pia ya kuambiwa kila siku kwamba zako zimeisha.

Mwezi wa munane ule ule, mstari mweupe ukiwa umeshafika upana wa vidole viwili, aliniomba nimpake tena. Safari hii nilinunua kahawia nzito, tukajaribu nyuma ya sikio, tukangoja siku mbili. Nilipofika mbele, kwenye kipaji na pembeni ya masikio, alinishika mkono.

« Hapa achia nyeupe. »

« Kwa nini, Mama? »

« Kamyo inione. »

Ilimpendeza kuliko ile ya kwanza. Wamama wawili wa jirani wakaja kuuliza namba ya sanduku.

Mwaka 2022, mwezi wa kumi na moja, vita ilipofika upande wetu, tulikimbia tena, hadi Kanyaruchinya. Kulikuwa mvua, na Mama alifunga fulari mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyeona kahawia wala nyeupe. Kijana mmoja ambaye hatumjui alikuja akamtua godoro kichwani, akalibeba yeye mwenyewe. Tulipofika nilimuuliza alijuaje kwamba ni mzee. Akaniambia alikuwa nyuma yetu toka mbali, aliona namna anavyotembea.