Umoja Ambao Haukuwapo

Mwulize yeyote aliyesoma historia katika sekondari za Tanzania kwa nini wapiganaji wa Maji Maji walishindwa. Atakutajia bila kufungua daftari: silaha duni, imani ya maji, kukosa umoja. Hoja hizo hukaririwa, huandikwa kwenye mtihani, hupata alama. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua. Inaonekana kama maelezo, kumbe ni hukumu, na tunamfundisha mtoto wa miaka 15 kuitoa kabla hajamsikiliza mshtakiwa.

Umoja wa nani? Mwaka 1905 hapakuwa na Tanzania ya kusalitiwa. Mipaka ya koloni ilikuwa imechorwa Ulaya miaka michache tu kabla. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni hawakuwa na serikali moja, na baadhi yao walikuwa na kumbukumbu mbaya za kuvamiwa na wenzao. Linalostahili kushangaza ni kwamba watu hao waliinuka pamoja.

Sasa watazame Wahehe, ambao hutajwa kila mara hoja hiyo inapofundishwa. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka ngome yao ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi 1898, akajiua asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Vita vya Maji Maji vilipoanza, ilikuwa imepita miaka saba tu tangu kifo hicho. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa mioyoni. Hawakujiunga, na wengine wao walipigana upande wa Wajerumani.

Je, kuwaelewa ni kuwasamehe? Swali hili ni zito zaidi kwa sasa, maana mtaala mpya wa sekondari una somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu anaweza kuogopa kwamba akifafanua sana, wanafunzi watatoka darasani wakiamini hakuna mwenye kosa.

Mimi naona kinyume chake. Jeshi la Wajerumani lilijaa askari Waafrika: Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Mikono yao ilichoma mashamba na maghala ya chakula, kwa amri ya maofisa wa Kijerumani, chini ya gavana von Götzen. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000.

Katika habari hiyo kuna mtu aliyebaki nyumbani kwa hofu, kuna aliyepokea mshahara akachoma ghala la mwenzake, na kuna aliyekaa ofisini akaamua kwamba watu washindwe kwa njaa. Makosa yao hayalingani. Maadili ni kujua kuyapima. Lakini "kukosa umoja" huwatia wote kapu moja, kisha humwacha nje yule wa ofisini. Mtoto anajifunza kuuliza waliokufa walikosea wapi, wala haulizi nani aliagiza chakula kiteketezwe.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Itakuwa ajabu ikiwa wajukuu wa waliotoa amri wanajifunza kutaja kosa lao, huku wajukuu wa walioteswa wakiendelea kukariri udhaifu wa babu zao.

Najua mwalimu ana dakika 40, darasa limefurika, na mtihani wa taifa haumsubiri. Hakuna anayemwomba afute hoja zenye alama. Aongeze swali moja tu: "Wewe ni mzee wa Kihehe, mwaka ni 1905, habari za vita zimekufikia. Hujui vitaishaje. Utawashauri nini watu wako, na kwa sababu gani?" Awaache wabishane. Mmoja atasema tupigane, mwingine atasema tumeshazika vya kutosha, na wa tatu atauliza watoto watakula nini.

Baada ya hapo waandike "walikosa umoja" kama mtihani unataka. Angalau watakuwa wanajua kwamba nyuma ya maneno hayo mawili walikuwapo watu waliolazimika kuchagua, na kwamba vita hivyo havikuwa chaguo lao.