Mizani ya Mgonjwa

Ndugu msomaji, wako vijana wetu wanaosoma sayansi ya data kwa shahada ya uzamili wapate kazi katika mambo ya tiba. Ni jambo jema. Lakini yafaa tujiulize: mwenye kuhesabu wagonjwa asiowaona, ana dhima gani kwao?

Na tuzingatie yaliyodhihiri Marekani. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walieleza katika jarida la Science habari za programu ya kompyuta iliyotumiwa kuchagua wagonjwa wa kuongezewa uangalizi. Programu ile haikupima maradhi. Ilikadiria gharama za matibabu. Na watu weusi, kwa kuwa njia ya kufikia tiba kwao ilikuwa nyembamba, walitumiwa fedha chache kuliko weupe wenye maradhi kama yao. Basi aliyekosa tiba jana alihesabiwa leo kuwa hana haja nayo. Kosa hilo likiondolewa, walisema, weusi miongoni mwa waliochaguliwa wangezidi kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Tazama: hesabu haikukosea, wala rangi ya mtu haikuulizwa. Kilichokosewa ni kipimo.

Basi asiseme mtu, “Mimi ni mwenye kuhesabu tu.” Achaguaye kipimo amekwisha kuhukumu. Ewe kijana, isome elimu hiyo kwa bidii. Kisha, kabla hujaiamini nambari, nenda wodini ukamwulize muuguzi yamhusu nani. Kwani mizani iliyopotoka, hata ishikwe na mkono mwaminifu, hupunja.