Ukoo wa Asidi na Pua ya Mbu

Kemia ya sekondari hutuzoesha kuamini ukoo. Asidi za kaboksili, kwa mfano, zote zimebeba kundi lilelile la COOH, na kila moja huizidi iliyoitangulia kwa kaboni moja na haidrojeni mbili. Ukiijua moja, jirani yake unaweza kuikisia: ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, huchemka kwenye nyuzi 118 hivi, ya propanoiki 141, ya butanoiki 164.

Je, ukoo unatosha kutuambia kitu ni nini?

Mwaka 2010 Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walichapisha matokeo ya chambo cha mbu kilichojaribiwa katika vibanda vya utafiti huko Lupiro, bondeni Kilombero. Kilikuwa na amonia, asidi ya laktiki, hewa ya kaboni dioksaidi, na asidi kadhaa za ukoo huu, ili kuiga harufu ya mtu. Butanoiki ilitiwa kwa asilimia 1. Pentanoiki, inayoifuata, asilimia 0.01, yaani pungufu mara mia. Heptanoiki imo, heksanoiki iliyo kati yake na pentanoiki haimo. Na ipo nyingine yenye atomi sawasawa na za pentanoiki, ila mnyororo wake una tawi. Hiyo ilitiwa asilimia 0.001 tu.

Mpangilio wa darasani umepotelea wapi? Kuchemka ni shauri la molekuli za asidi zenyewe, zinavyong'ang'aniana, ndiyo maana kuhesabu kaboni kunasaidia. Kuvutia kunahitaji mwingine anayevutwa, na mbu wa mashamba ya mpunga ya Lupiro hakusoma kitabu chetu. Ukoo uliwaonyesha watafiti pa kuanzia kutafuta. Viwango ilibidi wamuulize mbu.

Na mbu naye hakutoa jibu moja. Chambo kilipokuwa katika kibanda kimoja na mtu katika kingine, chambo kilivuta mbu mara tatu hadi tano zaidi ya mtu. Walipowekwa pamoja ndani ya kibanda kilekile, mtu alilingana nacho au alikishinda. Kemikali hazikubadilika hata tone! Kwa hiyo siamini kwamba mvuto ulikuwa ndani ya chupa. Anayesema mchanganyiko huu unavuta mbu hajamaliza sentensi: aseme pia uko umbali gani na alipolala mtu.