Mkwaju wa Beer-sheba na Mkuyu wa Baba

Somo: Mwanzo 21:22-34

Mliokuwepo Jumapili mnakumbuka nilipanda madhabahuni nikiwa nimeshika miwani isiyo yangu. Nitaanzia hapo tena, kwa sababu wengine mlikuwa nje na watoto, mkasikia tu watu wakicheka halafu wakinyamaza.

Mwaka jana kwenye ushirika wetu wa nyumbani wa Jumatano nilikuwa na desturi moja. Tunazunguka chumba, kila mtu anasoma mstari mmoja kwa sauti. Sasa kuna mama mmoja, mtu mzima, mwombaji hodari kuliko mimi, kila zamu yake ikifika anasema, "Pasta, leo nimesahau miwani." Wiki ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu nikajiambia, huyu mama hana miwani, hana pesa ya kununua, na anaona haya kusema. Nikanunua miwani ya kusomea pale steji kwa shilingi 200, nikamkabidhi Jumatano iliyofuata mbele ya watu wote. Tena nilitoa kahotuba kadogo kuhusu kubebeana mizigo. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaivaa. Zamu yake ikafika. Aliangalia ukurasa kwa muda mrefu, akasema tumbo linamsumbua, akatoka. Hakurudi ushirika kwa miezi mitano.

Sikuelewa. Na mimi ni mtoto wa mtu asiyejua kusoma! Wacha niiweke hiyo miwani kando kidogo, tuingie kwenye Neno.

Mwanzo 21 ni sura ya mambo makubwa. Isaka anazaliwa, Hajiri na mwanawe wanafukuzwa, na kuelekea mwisho kuna ugomvi wa kisima. Watumishi wa Abimeleki walikuwa wamenyakua kisima alichochimba Ibrahimu. Wazee wakakaa chini, Ibrahimu akatoa wana-kondoo saba wawe ushahidi kwamba kisima ni chake, wakala kiapo, Abimeleki na jemadari wake wakaenda zao. Halafu unakuja mstari wa 33, ambao mimi nimeupita miaka mingi bila kusimama. Ibrahimu akapanda mti pale, akaliitia jina la Bwana.

Biblia yetu ya Kiswahili inauita mkwaju. Wanaojua Kiebrania wanasema ni mti mwingine wa nchi kame, lakini mkwaju unanitosha, maana anayeujua anajua hauna haraka. Sasa angalia ni nani anayepanda. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100, na hapa mtoto ameshaachishwa ziwa. Kwa hiyo huyu ni mzee wa miaka mia na zaidi. Anakaa hemani. Mstari wa 34 unasema alikuwa mgeni katika nchi ya Wafilisti. Mtu wa hema, katika nchi ya watu, kwa umri huo, anapanda mti! Nani alimwambia atakaa chini ya kivuli chake?

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma. Darasani tulifundishwa kwamba shilingi ya kesho ni ndogo kuliko shilingi ya leo, na tukapewa hesabu ya kuipunguza. Chukua shilingi laki moja utakayopokea baada ya miaka 30, ipunguze kwa asilimia 12 kila mwaka, na leo inabaki kama shilingi 3,300. Ukitumia hesabu hiyo, mkwaju wa Ibrahimu ni hasara tupu. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili angemshauri auze shamba la miche. Siisemi vibaya hesabu hiyo. Inanisaidia kila mwezi kwenye vitabu vya kanisa. Shida yangu ni kwamba niliitoa ofisini nikaipeleka nyumbani, nikampimia nayo baba yangu.

Kwetu ni upande wa Vihiga. Shamba letu linashuka hadi kwenye kijito, na pale chini palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi mkuyu mkubwa ambao babu yangu aliukuta. Mwaka 2013, nikiwa nimetoka tu chuoni na cheti changu kikinuka wino, nilimshauri baba apande mikaratusi kandokando ya kijito. Nilimfanyia hesabu kwenye karatasi: miche 400, miaka minane, nguzo za stima. Baba akauliza swali moja tu, "Na maji?" Nikamwambia maji yatakuwepo. Nilijuaje? Sikujua. Mti huo si wa kwetu, ulitoka Australia, ukaenezwa hapa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za gari la moshi. Mti wenyewe hauna dhambi. Ukiupanda mlimani pakavu utakupa kuni na nguzo. Lakini ukiupanda miguu ndani ya maji, unakunywa kama ng'ombe wa kiangazi, na kufikia mwaka wa sita akina mama wa chini yetu walikuwa wanasubiri mtungi ujae kwa nusu saa.

Nisiwadanganye, pesa ilikuja. Tulipouza mwaka 2021, dada yangu alimaliza chuo kwa miti hiyo. Ndiyo maana jambo hili si jepesi kwangu.

Mimi ndiye niliyeandika makubaliano na mnunuzi. Niliyapiga chapa usiku nikiwa huku mjini, na shughuli zilikuwa nyingi, nikaandika kwamba atakata "miti yote iliyo kando ya kijito". Nilimaanisha mikaratusi. Nikatuma kwa mtu wa bodaboda, baba akaweka kidole gumba, kwa sababu karatasi imetoka kwa mwanawe. Siku ya nne akanipigia simu. Wakataji walikuwa wameangusha mkuyu. Walimwonyesha karatasi, na kwa kweli karatasi iliwapa haki. Mnunuzi hakuiba kitu.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Ningeisoma, ningeiona." Halafu akanyamaza, na simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Neno hilo lilinichoma kwa sababu miaka miwili nyuma, Krismasi ya 2019, alikuwa ameniomba nimfundishe kusoma. Alitaka kusoma Zaburi mwenyewe, na alitaka kujua nani amemtumia pesa kwa simu kabla ya kuita mtoto wa jirani. Nilimjibu nini? "Baba, kwa umri huu utafaidika nini? Ukitaka kitu nitakusomea." Nilifikiri ninamheshimu. Kumbe nilikuwa nimempigia ile hesabu ya darasani nikaona muda wake uliobaki haulipi.

Kenya hii hatuna kisingizio cha kusema hatukuonyeshwa. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, mzee mmoja wa Eldoret, Kimani Maruge, alisikia neno "bure" akaamua linamhusu. Januari 2004, akisema ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, na kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Mwaka uliofuata alikuwa New York akizungumzia elimu ya bure mbele ya mataifa. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 alijikuta kwenye hema la wakimbizi, na hata hapo aliendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza darasa la nane. Na mnajua moja ya sababu alizotoa za kutaka kusoma? Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa sababu alishuku mhubiri hafuati kilichoandikwa. Mimi kama mhubiri nimekubali hiyo changamoto. Kanisa ambalo watu wake hawawezi kumkagua pasta ni kanisa la hatari, hata pasta awe mwema namna gani. Mimi ni mtu mwema, na neno langu moja liliangusha mkuyu.

Baada ya ibada ndugu mmoja alinifuata nje akaniambia, "Pasta, Yesu anarudi, dunia hii itateketea. Miti ya nini? Mzee wa miaka 80 amruhusu Bwana amchukue kwa amani." Ni swali la haki, na 2 Petro 3 naiamini kama anavyoiamini yeye. Lakini ndugu huyo ana chama, ana shamba la kahawa, na anakatwa NSSF kila mwezi. Haishi kama mtu anayeondoka kesho, isipokuwa tukizungumzia miti na wazee. Someni Yeremia 29. Mungu anawaambia mateka walio Babeli kwamba atawarudisha kwao, tena anawapa na muda, na katika barua hiyo hiyo anawaagiza wajenge nyumba na wapande bustani na wale matunda yake. Kuahidiwa safari hakukuwaondolea jembe mkononi.

Upande mwingine pia upo. 2 Samweli 19 ina mzee Barzilai, miaka 80, mfalme anamwalika ahamie Yerusalemu ale mezani pake, naye anakataa kwa heshima, anaomba arudi mji wake, na nafasi anampa kijana. Kwa hiyo tusiwasukume wazee wetu kila mahali ili tu tuonekane tunawajali. Mwingine anataka kitabu, mwingine anataka kiti chake kivulini. Waulizwe. Mimi sikumuuliza baba vizuri, na yule mama wa miwani sikumuuliza kabisa.

Baba hakuniomba tena. Alimwomba binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, na kila likizo ya shule wanakaa kwenye kibaraza na daftari. Ni binti yangu aliyeniambia walianzaje. Baba alitoa ile karatasi ya makubaliano, anaitunza ndani ya Biblia, akamwambia, "Nionyeshe ni neno gani lililokata mti." Mtoto akaweka kidole: yote. Hilo ndilo neno la kwanza baba yangu alilojifunza kulisoma. Leo ana miaka 76. Anasoma polepole, ng' na ny bado zinamgonganisha, na Zaburi ya 23 inamchukua asubuhi nzima na chai mbili.

Kabla wale wakataji hawajabeba matawi ya mkuyu, alikuwa amekata vijiti kadhaa vinene akavichomeka kwenye tope kando ya chemchemi. Mkuyu hushika kwa tawi, mnaojua mnajua. Vitatu vimeshika. Visiki vya mikaratusi vikichipua anavipiga panga kila mwezi yeye mwenyewe, amekataa nimlipie kibarua. Nilipoenda Aprili, mti mrefu zaidi ulikuwa umenifikia kifuani. Maji bado hayajarudi vile yalivyokuwa. Sitaki mtu aondoke akidhani nimetoa ushuhuda wa muujiza.

Ibrahimu naye hatuambiwi aliuona mkwaju ukiwa mkubwa. Tunachoambiwa ni kwamba katika sura ya 26 Isaka anakuja Beer-sheba, anapiga hema pale, watumishi wake wanachimba kisima. Katika sura ya 46 Yakobo, akiwa mzee na njiani kwenda Misri, anasimama pale pale kutoa sadaka. Mti hautajwi tena. Lakini mahali babu alipopanda na kuomba, mjukuu alipajua njia.

Sasa ya hapa kwetu. Mashemasi wamekubali kwamba chupa na vikombe vya plastiki havitachomwa tena nyuma ya jiko. Moshi ule unaingia moja kwa moja kwenye darasa la watoto, na sote tumekuwa tukiuona na kufunga dirisha. Vijana mtapata gunia la kukusanyia. Hilo halihitaji mahubiri.

La pili ni la darasa. Kuanzia wiki ijayo, Jumanne na Alhamisi saa nane mchana, kutakuwa na masomo ya gumbaru katika chumba kidogo cha nyuma. Anayefundisha ni dada yetu mmoja mwalimu mstaafu. Mlango utakaotumika ni ule wa upande wa matangi ya maji, huhitaji kupita mbele ya ofisi. Majina hayatatangazwa, hakuna atakayeitwa mbele kupigiwa makofi, na hakuna atakayelazimishwa kusoma kwa sauti. Kwenye ushirika wa Jumatano pia ile desturi yangu ya kuzungusha mistari nimeiacha. Anayetaka kusoma anasoma. Kama una mzazi nyumbani, usimwandikishe bila kumuuliza.

Nilienda kwa yule mama mwezi wa tatu kumwomba msamaha. Alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Macho ninayo, Pasta. Nilichokosa ni shule." Akaingia chumbani, akarudi na ile miwani, bado iko kwenye karatasi yake ya nailoni, akaniambia nimpe mwenye shida nayo. Ndiye aliyeniruhusu kuwasimulia haya, mradi nisimtaje. Wiki iliyopita alinitumia mjukuu wake kuuliza kama daftari la darasa liwe la mistari mipana au ile ya kawaida. Nimeuliza mwalimu. Mipana.