Mwandishi wa habari bila kitambulisho?



Kijana mmoja wa VIWAWA ameniuliza: “Frateri, hawa wanablogu wa siasa, hawana ofisi wala kitambulisho, nao ni waandishi wa habari kweli?”

Kisheria si swali dogo. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikawadai wanablogu leseni, na ada zake, ukizijumlisha, zilipita shilingi milioni 2. Mwanafunzi wa chuo angezitoa wapi, jamani?

Sasa mtazame msimamizi wa waandishi wa habari, Mtakatifu Fransisko wa Sale. Alipelekwa Chablais mwaka 1594 akiwa padre kijana, na watu hawakuja kumsikiliza. Basi akaandika mafundisho kwenye vijikaratasi na kuvipenyeza chini ya milango ya nyumba zao. Gazeti hakuwa nalo. Na kule jangwani (Hesabu 11), Eldadi na Medadi hawakwenda hemani na wazee wenzao, lakini Roho aliwashukia hukohuko kambini. Yoshua alitaka wakatazwe. Musa akakataa.

Kwa hiyo mimi nasema wanastahili, kama kazi yenyewe wanaifanya. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, akashtakiwa kwa sababu ya kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Kumlinda aliyekuamini namna hiyo ni uandishi wa habari, kadi iwepo isiwepo.

Ila tusishangilie haraka. Anayetaka heshima hiyo abebe na mzigo wake. Katekisimu, namba 2477, inatubana kweli: hata kutangaza kosa la kweli la mtu, kwa wasiolijua, bila sababu ya haki, ni dhambi. Ndoa ya mgombea ina matatizo? Muachie na mkewe. Hela ya kisima cha kijiji imeliwa na hati unazo? Hiyo andika, lakini kwanza mpigie simu unayemtuhumu, umsikilize. Bahasha ya mpinzani wake usiipokee (wenye vitambulisho nao bahasha zinawashinda, tuseme ukweli). Na ukikosea, sahihisha palepale ulipoandika, wasomaji wako waone. Kufuta kimyakimya usiku wa manane hakumrudishii mtu jina lake, maana picha ya lile andiko bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.